Treni ya Bure na Bei ya Chumba

Mwezi wa sita mwaka juzi nilimpeleka mama yangu Walt Disney World, Florida, pamoja na wanangu wawili. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo jua lilipokuwa la utosi tuliingia hoteli ya Contemporary kupumzika, ingawa hatukuwa wageni wa pale. Tuliketi kwenye makochi ya ghorofa ya nne tukinywa maji baridi. Mara treni ikapita juu ya vichwa vyetu, ndani ya jengo, bila kishindo cha chuma, mvumo tu kama wa feni kubwa. Mama akashika mtandio wake. "Mwanangu, hili gari moshi limeingia sebuleni kwa watu!" Kisha akauliza nauli. Nikamwambia ni bure. Mama ameuza vitenge Kariakoo zaidi ya miaka 30, na mtu wa Kariakoo ukimwambia kitu ni bure, anaanza kuhesabu. "Bure? Na anayelipa ni nani?"

Tangu siku ile, kila ndugu anayenipigia simu kuuliza alale wapi akiwapeleka watoto Walt Disney World, jibu langu huanzia kwenye swali hilo la mama. Monoreli, yaani treni inayokwenda juu ya boriti moja badala ya reli mbili, ndiyo inayopandisha bei za hoteli tatu za pale kuliko kitanda, bwawa la kuogelea au chai ya asubuhi. Atakayejua ilitoka wapi na kwa nini vituo vyake vimewekwa pale vilipo, hataangalia bei ya chumba kwa macho yale yale.

Mzizi wake uko Ujerumani. Tajiri wa Kiswidi, Axel Lennart Wenner-Gren, aliyevuna mali kwa mashine za Electrolux za kufyonza vumbi, alifadhili njia ya majaribio huko Fühlingen, pembeni ya Köln, katika miaka ya 1950. Kampuni ikaitwa Alweg, kwa herufi za mwanzo za majina yake. Walt Disney aliiona mwaka 1958 akiwa ziarani na mkewe, akaitaka papo hapo. Kazi ya kuipa sura alipewa Bob Gurr. Kwa macho ya Gurr, treni ya Wajerumani ilifanana na mkate uliochanwa chini na kuchomekwa juu ya kijiti. Sisi tungesema boflo. Akaishonea sketi ya bati iliyoshuka hadi kuficha magurudumu, akaipa pua iliyochongoka kama roketi za vitabu vya katuni. Juni 14, 1959 ikazinduliwa kwenye bustani ya burudani ya Disneyland, mjini Anaheim, California, mgeni rasmi akiwa Makamu wa Rais Richard Nixon pamoja na familia yake. Gurr amesimulia jinsi treni ilivyoondoka na Nixon huku walinzi wake wameachwa kwenye jukwaa la abiria.

Siku hizo monoreli ilikuwa mchezo wa kulipia kama bembea. Disneyland iliuza vitabu vya tiketi zenye herufi, na mwaka huo huo wa 1959 ikaanzishwa tiketi mpya ya daraja la juu, herufi E, ambayo monoreli ilikuwa mojawapo ya michezo yake. Mwaka 1961 njia ikarefushwa hadi kama kilomita 4, ikafika Disneyland Hotel, na hapo ikageuka kuwa usafiri. Ila hoteli ile haikuwa mali ya Disney. Ilikuwa ya mfanyabiashara Jack Wrather. Walt alijenga treni, mwenzake akapata wageni mlangoni. Na kuizunguka bustani yote, ardhi ilikuwa ya watu wengine, moteli zikachipua kila kona, zikauza vyumba kwa wateja ambao Walt ndiye aliyewavuta.

Florida, Walt hakukubali kosa hilo lirudie. Kampuni yake ilinunua zaidi ya ekari 27,000 karibu na Orlando, eneo kubwa kiasi kwamba jirani wa karibu asingeweza hata kuchungulia. Walt alifariki Desemba 1966 kabla ya kuona lolote limejengwa. Ndugu yake Roy ndiye aliyefungua milango Oktoba 1, 1971. Kulizunguka ziwa la bandia la mbele ya bustani ya Magic Kingdom zikajengwa boriti mbili sambamba. Treni za boriti moja huenda moja kwa moja kati ya maegesho makuu na lango la bustani. Za boriti ya pili husimama hotelini. Mwaka 1982 ikaongezwa njia ya kwenda bustani ya Epcot, na jumla ya boriti zote ikafika takriban kilomita 23.7. Vituo ni sita tu: Magic Kingdom, maegesho makuu, Epcot, na hoteli tatu: Contemporary na Polynesian, zilizofunguliwa pamoja na bustani, kisha Grand Floridian, iliyofunguliwa mwaka 1988.

Tazama hesabu hiyo: nusu ya vituo ni milango ya hoteli, na hoteli zote tatu ni za mwenye treni. Hilo ndilo jibu nililompa mama. Nauli imo ndani ya bei ya chumba.

Anayedhani treni ya namna hii inaweza kujilipia kwa nauli zake aangalie Las Vegas. Mwaka 1995 hoteli mbili za kule ziliunganishwa kwa treni kuukuu zilizotoka Disney World. Mwaka 2004 njia ikapanuliwa kwa treni mpya za Bombardier, ndugu za zile za Florida, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 600. Abiria walilipa tiketi, na tiketi hazikutosha. Kampuni ilifilisika mwaka 2010, ikafilisika tena mwaka 2020, ikanunuliwa na mamlaka ya utalii ya huko kwa dola milioni 24 na ushei. Treni ya Florida haijawahi kupata balaa hilo kwa sababu haikutegemea nauli.

Kabla sijafika kwenye hesabu, niseme kuhusu chombo chenyewe, kwa kuwa nakipenda na sioni haya kusema. Boriti yake ya zege ina upana wa sentimeta 66 tu, mikono miwili ya mtoto iliyonyooshwa haihitajiki kuipima. Ndani ya zege wameweka povu gumu la plastiki ili kupunguza uzito. Boriti za kwanza zilitengenezwa jimbo la Washington, kaskazini magharibi kabisa mwa Marekani, zikavushwa nchi nzima kwa reli hadi Florida. Treni huikumbatia boriti: matairi ya mpira juu yake yanabeba uzito, mengine yanaibana ubavuni kulia na kushoto ili isiyumbe. Umeme unatoka kwenye vyuma vilivyopigiliwa ubavuni mwa boriti. Ndiyo maana mama hakusikia kishindo. Mpira juu ya zege haugongi. Treni zinazotumika sasa, toleo la Mark VI, zililetwa kati ya 1989 na 1991. Ziko 12, kila moja ina mstari wa rangi yake, mabehewa sita, urefu wa kama mita 62. Julai 5, 2009 mbili ziligongana usiku kwenye kituo cha maegesho makuu, dereva kijana akapoteza maisha. Tangu hapo abiria hawaruhusiwi tena kukaa na dereva mbele, jambo ambalo watoto wengi walikuwa wakilisubiri kwa hamu.

Kwa mwenye mzee au mtoto mchanga, kuna namba moja ya kushika. Treni inabeba watu 360, lakini viti ni vya watu kama 120. Wawili kati ya kila watatu wanasimama. Wakati bustani inafungwa usiku, usitegemee kukaa. Mwenye kiti cha magurudumu huwekewa ubao wa kuingilia naye hupita vizuri. Hilo wanalifanya kwa adabu, na nimeliona kwa macho yangu.

Sasa pesa. Nachukua familia ya watu wanne, usiku 4, siku 4 za bustani, na bei za mfano ambazo si za sikukuu wala si za msimu mfu. Tiketi za kuingia bustani siziweki, maana ni zile zile popote utakapolala.

Chumba cha kawaida Contemporary, sema dola 600 kwa usiku. Polynesian na Grand Floridian kwa kawaida ziko juu ya hapo. Weka kodi ya asilimia 12.5, inakuwa 675, na kwa usiku 4 ni dola 2,700. Basi la bure la Disney kutoka uwanja wa ndege wa Orlando liliondolewa mwaka 2022, hivyo ongeza kama dola 100 za teksi kwenda na kurudi. Jumla 2,800.

Chumba Pop Century, hoteli ya Disney ya bei ya chini isiyo na monoreli, sema dola 220. Ukiweka kodi hiyo hiyo inafika 247.50, usiku 4 ni 990, na teksi 100. Jumla 1,090.

Moteli ya nje, barabara ya 192 kule Kissimmee, sema dola 90. Kodi ya upande ule ni asilimia 13.5, kwa hiyo usiku 4 unafika kama 409. Utahitaji gari la kukodi. Dola 60 kwa siku ni 240. Maegesho ya bustani, sema dola 30 kwa siku, siku 4 ni 120. Jumla 769, mafuta bado. Maegesho hayo hayo mwaka 1971 yalikuwa senti 50, na kiingilio cha mtu mzima dola 3.50.

Kati ya Contemporary na Pop Century pana dola 1,710. Unanunua nini kwa pesa hiyo? Chumba ni kizuri zaidi, sikatai, na dirisha linaweza kuangalia ngome ya Magic Kingdom. Lakini wengi wanaolipa wanasema wanalipia treni, wanaokoa muda. Haya, tupime muda. Pop Century ina Skyliner, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vilivyoanza Septemba 2019, navyo vinakupeleka bustani za Epcot na Hollywood Studios bila senti. Kwa Magic Kingdom kuna basi la bure, na basi la hotelini linakushusha langoni kabisa. Tuseme mkaaji wa hoteli ya monoreli anaokoa saa nzima kila siku, ambayo ni kumpendelea. Kwa siku 4 ni saa 4, na kila saa ameinunua kwa dola 427. Hata daktari bingwa angeona bei hiyo ni kubwa.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi, na ni hapa ambapo nawaomba ndugu zangu wasome polepole. Treni ya hotelini inazunguka ziwa upande mmoja tu. Ikitoka Magic Kingdom inaanza Contemporary, inafuata maegesho makuu, Polynesian, Grand Floridian, ndipo inarudi Magic Kingdom. Kwa hiyo anayelala Contemporary, hoteli ile ile ambayo treni inapita tumboni mwake, akipanda asubuhi kwenda Magic Kingdom atazunguka karibu ziwa lote. Kwa miguu ni dakika kama 10, njia imesakafiwa na ina kivuli sehemu kadhaa. Treni inamfaa jioni, kwa sababu kituo cha kwanza ni chake. Wa Grand Floridian mambo yake ni kinyume: asubuhi kituo kimoja tu, jioni mzunguko mrefu. Wa Polynesian ndiye mwenye bahati ya Epcot, maana anatembea hadi maegesho makuu na kupanda treni ya Epcot bila kubadilisha. Basi mtu anayelipa dola 600 au 800 kwa ajili ya treni, kwanza ajue anakwenda bustani ipi na saa ngapi. Na akumbuke kuwa nusu saa ya kuingia mapema asubuhi anapewa kila mgeni wa hoteli za Disney, aliyelipa 220 na aliyelipa 800 sawasawa.

Wa moteli ya nje naye ana lake. Gari lake haliruhusiwi kukaribia lango la Magic Kingdom. Anaegesha kwenye maegesho makuu, anakaguliwa, kisha anachagua: monoreli ya moja kwa moja au kivuko cha ziwani. Hata teksi humshusha hapo hapo. Kivuko kinabeba watu 600, zaidi ya mara moja na nusu ya treni, na anayeijua pantoni ya Kigamboni hatashangaa. Foleni ya treni ikiwa imejikunja mara tatu, nenda kivukoni. Radi zikipiga alasiri, kama zinavyopiga karibu kila siku ya kiangazi huko Florida, vyote viwili vinaweza kusimamishwa, na hapo uvumilivu ndio nauli.

Na baadhi ya hoteli za nje zilikuwa na mtego mwingine. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa peke yangu, nililala hoteli moja ya nje iliyotangaza chumba kwa dola 79. Nilipofika mapokezi nikaambiwa kuna ada ya huduma za hoteli, dola 35 kwa usiku, lazima, hata kama sitagusa maji ya bwawa. Hakuna aliyenieleza nilipoweka nafasi. Iliandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya ukurasa. Ile nafuu niliyoifuata ikaishia hapo.

Kwa wasiotaka bustani kabisa, wanaopita Orlando na watoto na wanataka tu kupanda treni, inawezekana. Monoreli ya Florida haidai tiketi ya bustani. Siku za kawaida unaegesha Disney Springs, eneo lao la maduka, bila malipo, unachukua basi la bure, ukiruhusiwa, hadi moja ya zile hoteli tatu, unapanda, unazunguka ziwa. Shuka Contemporary uangalie mchoro wa vigae uliobuniwa na Mary Blair, wenye urefu wa mita 27 kwenda juu. Waambie watoto watafute mbuzi mwenye miguu mitano. Anaelekea upande wa njia ya treni. Wangu walimpata kabla yangu. Kisha badilisheni treni kwenye maegesho makuu mwende Epcot, maana njia ile inapita juu ya bustani yenyewe kabla ya kusimama, na mtaona sehemu ya bustani toka juu bila kulipa kiingilio.

Anaheim ni habari nyingine. Kule monoreli ina vituo viwili tu, kimoja ndani ya bustani na kingine nje, na bila tiketi ya bustani hupandi. Hoteli za watu binafsi za Harbor Boulevard ziko hatua chache kutoka langoni, dakika 5 hadi 10 kwa miguu. Kulipia hoteli ghali ya Disney kule kwa sababu ya treni ni kutupa pesa. Panda mara moja, ufurahi, basi.

Tokyo wanalipisha wazi, na mimi naipenda njia hiyo. Monoreli ya Tokyo Disney Resort ilianza Julai 2001, ilijengwa na Hitachi, kampuni iliyorithi ufundi wa Alweg na kuutumia kwenye monoreli ya uwanja wa ndege wa Haneda tangu 1964. Inazunguka kilomita 5, ina vituo vinne, madirisha yake yana umbo la kichwa cha Mickey. Mtu mzima hulipa yeni 300, mtoto nusu yake. Wazazi wawili na watoto wawili ni yeni 900 kwa safari moja, 1,800 kwenda na kurudi. Kutoka stesheni ya Maihama hadi lango la Tokyo Disneyland ni dakika chache za kutembea, kwa hiyo usilipe. Kwenda bustani ya jirani, DisneySea, ni mbali kidogo. Asubuhi tembeeni, usiku watoto wakiwa wamechoka lipeni mrudi kwa treni.

Wafanyabiashara wetu wanaoshinda Deira kule Dubai wanaweza kuionja bila kuvuka bahari kubwa. Monoreli ya Palm Jumeirah, iliyofunguliwa Aprili 2009, nayo ni ya Hitachi, na inaishia Atlantis kwenye bustani ya maji ya Aquaventure. Kila kichwa kinalipia tiketi yake, hivyo mkiwa wawili treni inafaa na mandhari yake ni ya juu. Mkiwa wanne, uliza kwanza bei ya teksi moja.

Niliyowashauri dada zangu ni haya. Mkiwa na watoto wa kutembea na bajeti ya kubana, laleni hoteli ya bei ya chini ya Disney yenye Skyliner. Tofauti yake na moteli ya nje ni dola 321 kwa mfano wangu, na ukiweka mafuta na ada za hoteli inapungua tena. Mkiwa na mzee asiyeweza foleni, au mtoto mchanga anayepaswa kulala mchana, hoteli ya monoreli inastahili, ila kwa siku za Magic Kingdom tu. Laleni usiku 3 Pop Century na usiku wa mwisho Contemporary. Nyongeza ni dola 427 na senti 50 badala ya 1,710. Safari ijayo ya mama tutafanya hivyo.

Na ndugu msomaji, kabla hujatoa namba ya kadi yako, mwombe mwenye hoteli akutajie bei ya mwisho, yenye kodi, ada zote na maegesho. Iandike kwenye karatasi, igawe kwa idadi ya usiku, ndipo ulinganishe.